Gari lilichemka Ngomo, tukapima termostati jikoni



Wale kati yenu wanaopandisha mchele kutoka Luvungi kuja Bukavu wanaijua Ngomo bila kuelezwa. Unaacha Kamanyola na joto lake, unaanza kupanda, kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde ambalo hutaki kulitazama. Siku hiyo nilikuwa mimi kwenye usukani wa Noah ya kikundi chetu, na magunia manane ya mchele, bido nne za mawese na wamama watatu nyuma. Tulikuwa tumefika karibu nusu ya mlima wakati nilipoona mshale wa joto kwenye tablo unapanda.

Mshale huo kwa kawaida hukaa karibu na katikati na hautembei. Siku hiyo ulitembea. Nilizima redio, kana kwamba redio ndiyo ilikuwa na kosa. Kona mbili baadaye mshale ulikuwa umegusa rangi nyekundu. Nikasimama pembeni, kijana wetu wa mizigo akaweka mawe chini ya magurudumu, nikazima moteri. Mvuke ulianza kutoka chini ya kapo.

Kijana alichukua kitambaa na bido ya maji, akataka kufungua kifuniko cha radiatere palepale. Nilimpigia kelele mpaka wapita njia wakageuka. Mnajua sufuria ya presha, ile inayopiga filimbi? Hakuna mama anayeifungua ikiwa bado inalia. Radiatere ni jambo moja na hilo. Kifuniko chake kinafungia maji yenye presha, na kwa sababu ya presha hiyo maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua yakiwa hivyo, presha inaisha mara moja, maji yote yanachemka kwa pamoja na kukurukia usoni. Wapo mashofere wenye alama hiyo shingoni na mikononi. Tulingoja zaidi ya saa nzima, mpaka nilipoweza kuweka kiganja juu ya radiatere bila kukitoa. Ndipo tulifungua, polepole, tukaongeza maji, tukapanda kidogo kidogo tukipumzika njiani. Bukavu tuliingia usiku.

Asubuhi nililipeleka gari kwenye garaji. Fundi alilisikiliza dakika tano hivi, akafunga kapo. "Mama, jointi ya kulasi imekufa." Kwa wale wasioijua, ni ile jointi inayokaa kati ya bloku ya moteri na kichwa chake. Kuibadilisha ni kufungua moteri nusu nzima. Alitaka dola 350.

Sanduku la kikundi chetu, lile lenye kufuli tatu, lilikuwa na dola 400 na kitu. Fedha hizo zilikuwa za kugawana mwisho wa mwezi wa nane, kila mama na minervali ya watoto wake. Sikuwa na nguvu ya kwenda kuwaambia wenzangu kwamba fedha za shule zinaingia ndani ya moteri. Niliuliza fundi wa pili. Huyu aliangalia haraka zaidi, akacheka: "Toa termostati tu, mama. Hicho kidude ni cha nchi za baridi. Huku kwetu hakina kazi." Alitaka dola 10 kwa kukitoa na kukitupa.

Basi nilirudi nyumbani na majibu mawili, moja la dola 350 na moja la dola 10, na hakuna fundi hata mmoja aliyepima kitu. Ni binti yangu aliyenishika mkono. Yeye anasoma mekanika, mwaka wa tatu, na bado kuna mashangazi wanaomwuliza kwa nini hakuchagua ushonaji. Aliniambia: "Maman, usilipe kwanza. Twende tuguse tiyo."

Kabla ya kugusa tiyo, nieleze kidude chenyewe, kwa sababu mimi nimeendesha gari miaka kumi na moja bila kujua kinafanya nini. Wengine wanakiita kalorstati. Ni kitu kidogo cha chuma kinachoenea ndani ya kiganja, kina springi, na katikati kina kikombe kidogo chenye nta. Ni mlango kati ya moteri na radiatere. Moteri ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya moteri peke yake ili ipate joto haraka. Maji yakifika joto fulani, kwa gari nyingi ni karibu nyuzi 82 au 88, nta inayeyuka na kuvimba, inasukuma springi, mlango unafunguka, maji yanakwenda kupozwa kwenye radiatere. Yakipoa, nta inasinyaa, mlango unarudi. Hakuna umeme ndani yake, ni nta tu. Magari mapya kabisa yana termostati zenye waya, hizo siziongelei hapa.

Kidude hicho kinakufa kwa njia mbili. Kikikwama kikiwa kimefungwa, maji ya moto hayatoki, na moteri inachemka, zaidi sana mlimani na mzigo. Kikikwama kikiwa wazi, mshale wa joto hauinuki, unakaa chini hata baada ya nusu saa, na esansi inakwisha kuliko kawaida, kwa sababu moteri inajiona bado iko baridi na inaendelea kunywa. Mama mwenzetu mmoja wa taksi amelalamika karibu mwaka mzima kwamba gari lake "lina tumbo." Sasa tunajua tumbo hilo lilitoka wapi: mtu alitoa termostati, akaacha nafasi tupu.

Binti yangu alianza na mambo ya bure. Aliangalia kama maji yanavuja chini ya gari, hakuna. Aliangalia mkanda unaozungusha pompu ya maji, uko mzima. Aliacha moteri iwake mpaka ipate joto, akasikiliza ventilatere, ikazunguka. Halafu kuhusu ile jointi ya dola 350 alitafuta alama zake. Alifungua kifuniko cha mafuta ya moteri: mafuta yakiingiliana na maji yanakuwa kama kahawa ya maziwa. Yetu yalikuwa meusi, ya kawaida. Asubuhi, moteri ikiwa baridi kabisa na kifuniko cha radiatere kikiwa wazi, aliwasha akatazama kama maji yanatoa mapovu bila kukoma. Hakuna. Alitazama nyuma kama kunatoka moshi mweupe mwingi usiokwisha. Hakuna. Alama hizi hazikuapii kwamba jointi ni nzima, lakini zinakupa haki ya kuanza na kitu cha bei ndogo.

Ndipo tukafika kwenye tiyo. Radiatere ina tiyo mbili kubwa za mpira, moja ya juu na moja ya chini. Gari likiwaka toka baridi, ya juu inapata joto kwanza. Termostati ikifunguka, baada ya dakika kumi au kumi na tano hivi, maji ya moto yanapita kwenye radiatere na tiyo ya chini nayo inapata joto. Kwetu mshale ulifika katikati, ukapita, tiyo ya juu ilikuwa ya kuunguza, na ile ya chini ilikuwa baridi kama chupa ya kisimani. Tulizima mara moja. Mlango ulikuwa umefungwa, maji ya moto yamebaki upande mmoja.

(Mkigusa tiyo, tafadhali: nywele zifungwe, kitambaa cha kichwa kikazwe, kikwembe kisining'inie, na vidole viwe mbali na ventilatere. Kwenye magari mengi ventilatere ni ya umeme na inaweza kuanza yenyewe hata moteri ikiwa imezimwa. Afadhali uguse moteri ikiwa imezimwa, na mgongo wa mkono, sio kiganja.)

Tuliacha gari lilale usiku mzima ili lipoe. Kesho yake asubuhi tuliweka beseni pana chini, tukafungua kifuniko, tukatoa maji kidogo kutoka chini ya radiatere mpaka yakashuka chini ya termostati. Kuipata si vigumu: fuata tiyo kubwa toka radiatere mpaka inapoingia kwenye moteri. Inaishia kwenye kifuniko cha chuma chenye bulo mbili au tatu, na termostati inakaa nyuma yake. Kwenye gari nyingi ni tiyo ya juu. Kwenye Toyota nyingi, kama hii yetu, ni ya chini, karibu na pompu ya maji, na mkono wa mtu mnene unapata taabu huko. Wa binti yangu uliingia. Alilegeza kolie ya tiyo kwa pense, akazungusha tiyo kidogo ili iachane, akafungua ekru mbili kwa kle ya 10 na kuchukua picha kwa telefone kabla ya kutoa kitu chochote. Picha hiyo ilitusaidia baadaye.

Termostati ilitoka na kutu ya rangi ya matofali. Tumekuwa tukiongeza maji ya bomba, na wakati mwingine ya mto, kwa miaka. Hapo niliona haya kidogo.

Sasa jikoni. Tulichukua kopo la zamani la maziwa ya unga, sio sufuria ya chakula, na mtaona chini kwa nini. Tulijaza maji safi, tukatundika termostati kwa uzi ili isiguse chini, tukaweka juu ya mbabula. Mama mkwe wangu alipita akauliza tunapika nini. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, ni vizuri, angalia kinachoandikwa kwenye termostati, yetu iliandikwa 82, na ulinganishe. Usipokuwa nacho, tazama tu mlango.

Hapa kuna jambo la kwetu, watu wa milimani, ambalo vitabu vya gari havilisemi. Ziwa Kivu liko mita 1.460 juu ya bahari, na nyumba zetu ziko juu zaidi. Huku maji yanachemka yakifika karibu nyuzi 95, sio 100. Ndiyo sababu maharagi ya Bukavu yanakula makaa kuliko maharagi ya Uvira, kila mama aliyeishi pande zote mbili anajua. Kwa hiyo, kopo likichemka kabisa, mjue mko kwenye nyuzi 95, na termostati ya 82 au 88 lazima iwe imefunguka. Termostati nzima ya 82 huanza kufunguka kabla maji hayajachemka, na yakichemka mlango uwe umeacha nafasi ya karibu milimita 8, unene wa kidole kidogo cha mtoto. Yetu ilikaa ndani ya maji yanayoruka kwa dakika kumi bila kutikisika. Binti yangu aliitoa kwa pense, akaiweka mezani mbele yangu. Mlango ulikuwa umefungwa kama kinywa cha shahidi aliyelipwa.

Tulinunua mpya kwa dola 12, pamoja na mpira wake wa duara. Tulikwenda na ile ya zamani mkononi, tukalinganisha upana na namba ya joto. Na tuliipima kwenye kopo kabla ya kuiweka, mpya vilevile. Tulifanya vizuri. Ya kwanza tuliyouziwa ilifunguka kidogo tu, upande mmoja, ikakwama hapo. Muuzaji alibisha, tukamwonyesha video ya telefone, akabadilisha. Ya pili ilifunguka wakati maji yalianza kutoa mapovu madogo, na tulipoiondoa motoni ikajifunga polepole tukiitazama. Wamama wawili wa jirani waliokuwa wamekuja kuazima chumvi walibaki mpaka mwisho.

Kurudisha ni rahisi, lakini kuna mambo matatu yanayoharibu kazi. Upande wenye springi unaangalia ndani ya moteri, ukigeuza umejinunulia ugonjwa uleule. Kama termostati ina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza, kitundu kiwe juu, kwa sababu ndicho kinapitisha hewa. Na mpira wa duara uwe mpya, pale unapokaa pasafishwe bila kukwaruza. Bulo zikazwe kidogo huku, kidogo kule, bila kutumia nguvu zote: kifuniko kile mara nyingi ni cha aluminiamu na kinapasuka.

Halafu maji. Hapa ndipo wengi wanashindwa, kwa sababu hewa ikibaki ndani, moteri itachemka tena na mtailaumu termostati mpya. Tulichanganya likide ya radiatere nusu kwa nusu na maji safi, tukajaza polepole. Tuliwasha moteri ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, shofaje ya ndani ya gari ikiwa kwenye joto la mwisho, tukakaa kando. Maji yalishuka, yakatoa mapovu makubwa, tukaongeza. Baada ya robo saa binti yangu aligusa tiyo ya chini na mgongo wa mkono, akanitazama bila kusema kitu. Ilikuwa ya moto. Tulijaza mpaka juu, tukafunga, tukazunguka mtaa mara mbili, tukaacha gari lipoe kabisa, tukaangalia tena. Lilitaka nusu lita nyingine.

Sasa turudi kwa fundi wa pili, yule wa "huku kwetu hakina kazi." Wengi wanasema hivyo na wanasema kwa nia nzuri. Lakini moteri inafanya kazi yake vizuri karibu na nyuzi 90, iwe Bukavu, Kinshasa au Ulaya. Bila termostati, kwenye tambarare na asubuhi yetu ya baridi, moteri inabaki baridi: esansi zaidi, mafuta ya moteri yanachafuka mapema, vyuma vinalika. Na kuna jambo baya zaidi. Kwenye moteri nyingi za Toyota, termostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato, ile inayorudisha maji ndani ya moteri bila kupita radiatere. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa, na mlimani ukiwa na mzigo gari linaweza kuchemka zaidi ya mwanzo. Vitabu vya Toyota vyenyewe vinakataza kuitoa, hata kama moteri inachemka. Angalau kwa Noah yetu, dola zile 10 zingetupeleka kwenye zile 350.

Na sikatai kwamba jointi ya kulasi inaweza kufa. Inakufa hasa pale shofere anapoendelea kupanda na mshale mwekundu kwa sababu "nyumbani si mbali." Mama ukiona mshale unapanda, zima kiyoyozi kama unacho, fungua shofaje kwenye joto la mwisho hata kama mnatokwa jasho, kwa sababu inachukua joto la moteri, na utafute mahali pa kusimama. Mchele hauharibiki kwa saa moja. Ukiona ile kahawa ya maziwa kwenye mafuta, au mapovu yasiyokwisha, hapo si kazi ya jikoni tena, mpeleke gari kwa fundi na muulize anapima kwa chombo gani. Mwombeni pia awarudishie kila kipande alichotoa. Fundi mwema hakasiriki.

Sasa sababu ya lile kopo la maziwa. Likide ya radiatere, ile ya kijani au nyekundu, ni sumu, na ina utamu. Mtoto mdogo akiionja hatatema. Kwa hiyo usiimimine kwenye chupa ya Fanta hata kwa siku moja, usiiache kwenye beseni uani, wala usiimwage mahali mbwa na kuku wanakunywa. Kopo tulilotumia tuliliandika kwa rangi na linakaa garini. Mtoto akiinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali na bido yenyewe mkononi ili daktari asome kilichoandikwa.

Hesabu ya kikundi iliandikwa hivi kwenye daftari: termostati dola 12, likide bido mbili dola 18. Binti yangu alikataa kulipwa, katibu akaandika "kazi: soda mbili," na wamama wakapiga makofi. Wiki iliyofuata nilipanda Ngomo na magunia manane. Nilitazama mshale kuliko barabara, jambo ambalo siwashauri. Ulikaa karibu na katikati mpaka Nyangezi. Mwisho wa mwezi wa nane tulifungua kufuli tatu, tukagawana.

Wenye gari la kikundi wanaotaka kuona upimaji wa kopo, tunaufanya Jumamosi hii baada ya mkutano, saa tisa. Njooni na termostati zenu, hata zile zilizotupwa nyuma ya nyumba. Makaa tutakuwa nayo.